Swali la Kumi na Nne

Karakana ya treni, 4 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kwenye cherehani, mguu kwenye pedali na pini mdomoni, maana nikisikia umelala mchana nitajua kuna jambo. Sisi huku wazima. Mafua yaliyonishika mwezi uliopita yameondoka yenyewe, nadhani yalinichoka. Kaka ameezeka jiko lake upya kwa mbwembwe zote, na mvua ya kwanza imepita palepale ilipokuwa ikipita zamani. Mwenzangu anakusalimu sana. Shati ulilomshonea limefika, na limemkaa vizuri, utadhani ulimpima jana.

Sasa kaa vizuri nikupe habari. Wameniweka kwenye kreni!

Unakumbuka ulivyokuwa ukinifukuza na ufagio nishuke juu ya paa, ukaniita Mpanda Dari? Basi sasa nalipwa kwa hilo. Kreni yetu ni boriti la chuma linalovuka karakana nzima kutoka ukuta hadi ukuta, linatembea juu ya reli zake karibu na mabati, na mimi nakaa kwenye kijumba cha vioo kinachoning'inia chini yake. Chini, mafundi wananipa ishara kwa mikono. Anayeniongoza ni fundi mzee wa magurudumu, tunamwita Babu Nati kwa sababu mifuko yake haikosi nati.

Juzi nilinyanyua kichwa cha treni kwa mara ya kwanza. Wakifunga minyororo, kila mtu anaacha anachofanya na kusogea nyuma ya mstari wa njano. Kilipoachana na magurudumu yake, Shangazi, nilisahau kupumua. Lile dude ambalo likipita nyuma ya nyumba yako vikombe vinacheza kabatini, lilikuwa linaelea hewani, kimya, na kilicholishika ni vidole vyangu viwili kwenye kijiti kidogo kama mpini wa kijiko. Niliona aibu kushangaa peke yangu nikatazama chini. Babu Nati, aliyefanya kazi hii tangu sijazaliwa, alikuwa amevua kofia.

Nilitaka kulia. Sitaki kushuka huko maisha yangu yote.

Tumeletewa meneja mkuu mpya. Wanasema anapenda karatasi.

Halafu wewe, mbona mwandiko wako umekuwa mkubwa hivyo? Barua yako ya mwisho ilikuwa kama kibao cha duka. Macho yakoje?

Mwanao, Mpanda Dari


Nyumbani, 29 Machi

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Barua yako imechelewa kwa sababu yule gadi wa treni anayetubebea alikuwa mgonjwa, na aliyeshika nafasi yake aliipitisha hadi stesheni ya mbele, ikarudi kama mtu aliyesinzia safarini. Huku tuko salama. Jirani amenunua jogoo asiyejua saa. Baba yako magoti yanamsumbua lakini mdomo mzima kabisa.

Mwandiko ni mkubwa kwa sababu nimenunua kalamu mpya, nayo ina wino mwingi. Basi.

Habari ya kreni nimeisoma mara mbili na jirani nimemsomea kwa nguvu ili na jogoo wake asikie. Nilijua tu zile purukushani za paani hazitapotea bure. Siku nyingine kichwa cha treni kinapopita, nitakisalimia, niseme wewe nakujua, umeshawahi kubebwa na mtoto wangu.

Nisalimie mkwe wangu. Mwambie nimefurahi kusikia shati limemkaa vizuri. Umenipa moyo kuliko unavyojua, mwanangu. Nilikuwa nimemkatalia binti wa mwalimu mkuu kumshonea gauni la harusi, nikijisikia kama nimechoka choka. Niliposoma maneno yako nimemwita na kumwambia alete kitambaa. Cheupe, laini, cha bei mbaya.

Na lile jambo letu je? Mtoto lini? Kila barua nauliza, kila barua unanijibu habari za mabati ya kaka yako.

Shangazi yako


Karakana ya treni, 6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Huku tunaendelea. Kaka ameezua jiko na kuliezeka tena. Joto ni kali, na kule juu kwenye kijumba changu nakaanga kama karanga, lakini sishuki. Mwenzangu anasalimu.

Karatasi za meneja zimefika. Ni fomu ya kurasa nne, kila mfanyakazi yake, lazima ijazwe yote. Kurasa mbili za kwanza hazina neno: jina, umri, kazi, nani aitwe ukiumia. Ukurasa wa tatu ndio balaa. Unatumia dawa gani. Wazazi wako walikufa kwa ugonjwa gani. Dini gani, unasali mara ngapi. Unalala vipi. Unaogopa nini. Nyumbani mnaishi wangapi na mnaelewana. Halafu swali la kumi na nne: hali ya ndoa, na kama mmetengana, eleza lini na kwa nini. Kwa nini, Shangazi! Wameacha mistari mitano ya kueleza.

Tulicheka mwanzoni. Kisha fundi wetu wa kuchomelea, Cheche, aliandika kwa ukweli wake kwamba halali vizuri kwa sababu yeye na mkewe wamepata pacha wanaopokezana kulia. Wiki iliyofuata walimtoa kwenye kuchomelea wakampa ufagio. Wanasema ni kwa usalama wake. Mtu amechomelea mabehewa miaka yote, leo anafagia vyuma vya wenzake, na hatutazamani machoni.

Sasa inasemwa wazi kwamba wenye misukosuko nyumbani hawatakaa kwenye kazi za hatari. Na kazi ya hatari kuliko zote humu ni yangu.

Lakini nikuchekeshe. Babu Nati hakujua kwamba ile ni fomu. Aliposomewa maswali, habari za wazazi, habari za afya, habari za usingizi, alidhani bosi mpya anajuliana hali na watu. Akafurahi kweli. Akajibu yote vizuri, kisha chini kabisa akaomba aandikiwe: "Sisi tuko hivyo. Na wewe bosi, hujambo? Mama yako yupo? Unalala vipi?" Wenzake walipoona, wengi nao wakaandika hivyohivyo, wengine kwa utani na wengine kwa adabu. Karani wa utumishi amezirudisha zote, anataka maneno ya chini yafutwe. Babu Nati ameumia. Anasema mtu gani anayekuuliza habari za mama yako halafu hataki umuulize za wake.

Mimi yangu sijairudisha. Nimejaza yote isipokuwa swali moja. Karani amenipa hadi katikati ya Juni.

Barua yako nimeisoma kwa shida, mistari inapandana. Ile kalamu itupe. Na swali langu la macho hukulijibu.

Mwanao


Nyumbani, 24 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima. Jogoo ameliwa.

Nimecheka hadi nikakohoa kwa huyo Babu Nati, kisha nikaacha kucheka. Huyo mzee hakukosea. Aliyekosea ni aliyemtumia salamu bila kutaka kujibiwa.

Nikuambie ninavyofanya kazi mimi. Mwanamke anakuja kupimwa nguo. Lazima nijue kifua chake, kiuno chake, mshono wake wa kuzalia umekaa wapi, titi lipi limezidi jingine. Mambo hayo hata mumewe hajayahesabu. Wengine wanaona haya, wanavuta tumbo, wanabana mikono, na ukiwapima hivyo nguo inatoka ya mtu mwingine. Mwenye haya kama huyo nampa tepu mkononi. Namwambia, anza wewe, nipime mimi. Ananizungushia tepu, anaona tumbo langu lilivyo gunia, tunacheka wote wawili, basi mikono yake inashuka yenyewe. Tangu nianze kushona, hakuna aliyekataa kupimwa baada ya kunipima. Na vipimo vyake siandiki popote. Nafunga mafundo kwenye uzi, uzi ni wake, nguo ikiisha naye anaondoka nao.

Huyo meneja wenu ameshika tepu muda wote yeye.

Gauni la binti wa mwalimu limekuwa na kasoro kidogo. Tutaongea siku nyingine.

Hujaniambia ni swali gani umeliacha. Unisalimie mkwe wangu.

Shangazi yako


Karakana ya treni, 20 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo, na leo nivumilie. Nina mambo mawili. Moja la kukushangaza, na jingine utakuja kunigombeza.

Barua yako niliisoma wakati wa chai, pale kwenye mabenchi, nikaruka ya jogoo na ya gauni nikawasomea ile ya tepu. Hakuna aliyecheka. Babu Nati aliomba nirudie. Kisha akainuka, akapangusa mikono, akapanda ngazi za ofisini na mafuta yake yote kwenye ovaroli. Hatukujua alichokwenda kusema. Alikaa kidogo akarudi, akashika spana yake. Tukamuuliza, akasema, "Nimempa tepu."

Siku tatu kimya. Mimi nikahesabu nimekwisha, maana siku ya fomu yangu ilikuwa inafika.

Ijumaa ndiyo tulikuwa tunamshusha Kishindo. Unamjua, ni kile kichwa chenye honi nzito kinachopita kwako alasiri. Alikuwa juu ya vigingi vya chuma tangu wiki iliyotangulia, magurudumu mapya yakimsubiri chini. Niko kijumbani nangoja ishara, nikaona mlango wa ofisi umefunguka. Meneja akashuka. Mwanamume mrefu, miwani, shati limepigwa pasi mbele tu. Akasimama katikati ya karakana na karatasi mkononi, akaomba mashine zizimwe.

Sijawahi kusikia karakana ikinyamaza. Kwanza ziliacha mashine za kusaga vyuma, kisha feni, kisha kile kimlio cha umeme ambacho hata sikujua kipo. Nikazima na yangu, nikasukuma kioo. Kule juu sauti za chini zinafika nzima, kama mtu yuko chumbani nawe.

Akasema, "Nimeulizwa kama sijambo. Nimeona nijibu."

Akaanza kusoma. Alikuwa ameijaza fomu, Shangazi, ileile yetu, kwa mkono wake. Umri wake. Mama yake yupo, hamtambui tena, kila akienda anajitambulisha upya. Dawa: za presha, na huwa anazisahau. Watu wakacheka kidogo, kicheko kizuri. Unalala vipi: "Na redio ikiwa imewashwa." Unaogopa nini: akaangalia juu, moja kwa moja kwangu, akasema, "Naogopa kupita chini ya kile. Ndiyo maana hamnioni humu." Mimi bila kufikiri nikampungia mkono. Naye akanipungia!

Watu zaidi ya mia, wanaume waliozoea kutukanana kwa mapenzi kutwa nzima, walisimama kama wako mbele ya maiti au mtoto mchanga. Hata aliyekuwa na kikombe mkononi hakukiweka chini.

Akafika la kumi na nne. Akasoma swali. Akavua miwani, akaifuta na lile shati, akavaa tena. Tukangoja. Alitazama ile mistari mitano, na kutoka kule juu niliona imejaa, ameandika hadi pembeni.

Akasema, "Nililijibu jana usiku. Nimeliandika lote. Lakini kulisoma siwezi."

Nilisikia njiwa akihama boriti. Kisha Cheche, ufagio ungali mkononi, akasema polepole bila ubaya wowote, "Basi bosi, na sisi linalotushinda ndilo hilohilo."

Meneja akatikisa kichwa kukubali. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akamwambia karani mbele yetu wote kwamba ukurasa wa tatu urudishwe kwa wenyewe, wauchane au wauweke, na la afya mtu amwambie daktari peke yake. Na Cheche arudi kwenye kazi yake leo. Babu Nati akamwendea akampa mkono, akamwambia, "Sasa tumejuliana hali." Mkono wa meneja ukatoka mweusi wa grisi na hakuupangusa.

Nilidhani atapanda zake ofisini. Alisogea nyuma ya mstari wa njano pamoja na wenzangu, akasema anataka kutazama. Babu Nati akanipa ishara. Nikamchukua Kishindo, nikamwinua kutoka kwenye vigingi, nikamleta polepole juu ya magurudumu yake mapya, na mtu mzima yule akiwa amekunja ngumi kifuani kwa hofu, hakukimbia. Nikashusha. Kishindo alikaa mahali pake bila hata mlio. Mikono yangu ilitetemeka baada ya kazi, si wakati wa kazi. Nilishukuru Mungu kwa sauti, peke yangu, ndani ya vioo.

Sasa la pili.

Swali nililoliacha ni hilohilo. Mwenzangu aliondoka, Shangazi. Aliondoka tangu mwaka jana, kabla hata shati halijafika. Hatukugombana. Siku moja alikunja nguo zake vizuri, akasema amechoka kungoja mtoto, akanirudishia ufunguo. Salamu zote nilizokuletea nilizitunga mimi. Niliogopa kukuambia kwa sababu wewe ndiye uliyesimama mbele ya baba ukasema huyu kijana nakuhakikishieni. Na karani niliogopa kumwambia kwa sababu ya kreni. Nikazoea kunyamaza hadi nikawa nakula nimenyamaza.

Mtu yule mgeni alisimama mbele ya watu akatoa alichoweza. Nikaona mimi nina Shangazi, na hata hicho sijampa.

Shati ninalo. Ndilo ninalovaa nikipanda kreni.

Mwanao, nisamehe


Nyumbani, 11 Julai

Mpanda Dari wangu,

Marahaba, mama. Leo sina habari za jirani.

Nimekaa na barua yako siku nyingi, maana sasa naisoma neno moja moja nikiwa nimeiweka kwenye jua. Kwa hiyo mwaka mzima namsalimia mtu ambaye hayupo, naye ananijibu! Salamu zake zilikuwa nzuri kuliko zake mwenyewe alipokuwepo, huyo hakuwa na maneno. Nilicheka. Kisha niliweka kichwa kwenye meza ya cherehani nikakulilia. Umelala peke yako humo ndani mwaka mzima nami nakuuliza mtoto lini. Nisamehe wewe. Mimi nilimhakikisha kwa baba yako, na nitakwenda mwenyewe kwa baba yako nimwambie nilihakikisha vibaya. Hilo niachie.

Na mimi nipimwe sasa. Kalamu haina kosa. Macho yameingiwa na ukungu, daktari anasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, anataka kunikata. Naogopa kisu. Naogopa zaidi kuambiwa niache cherehani. Lile shati ndilo nililolishona kwa kupapasa. Nikajisemea, nitalituma kwa mpwa wangu, ana jicho la ukali, kama kuna kasoro ataniambia na nitaacha. Ukaandika limemkaa vizuri. Nikaamini. Nikachukua kitambaa cha binti wa mwalimu.

Gauni nililiharibu, mwanangu. Nilikata mgongo mahali pa kifua. Binti alilipokea, akalitazama, akanibusu mkono, akaenda kuazima gauni la dada yake. Hakunidai kitu wala hakusema na mtu. Ningeona heri angenitukana.

Sikulaumu. Wewe ulinificha lako, mimi nikakuficha langu, na gauni la watu ndilo lililolipa.

Jana alasiri Kishindo alipita. Zamani nilikuwa namwona mwekundu mzima, sasa ni kivuli kirefu tu. Lakini nilitoka nje nikasimama kwenye majani karibu na reli, na ile ngurumo ikaniingia miguuni ikapanda hadi kifuani. Nikasema, hili zigo lote, mtoto wangu alilishika hewani na moyo wake umevunjika na mkono wake haukutetemeka. Nilibaki pale hata baada ya treni kwisha. Gadi akanipungia, nadhani alikuwa gadi. Huenda nimempungia mti.

Sasa niambie kweli. Ni mkono gani wa lile shati ulio mrefu?

Shangazi yako


Karakana ya treni, 19 Julai

Shangazi,

Shikamoo.

Ni wa kushoto. Umezidi wa kulia kwa vidole vitatu. Nimeukunja, na kola nayo imekwenda upande kidogo, na kitufe cha tatu hakina tundu lake.

Daktari nitakwenda kuongea naye mimi. Siku ya kisu nitakuwa nimekushika mkono, na cherehani hakuna atakayeigusa. Nimeomba likizo, nakuja na Kishindo mwenyewe, utanisikia kabla hujaniona.

Kwenye karatasi ya likizo kuna mstari mmoja umeandikwa Sababu. Karani aliniambia kwamba sasa si lazima kujaza. Nimejaza. Nimeandika: Shangazi yangu haoni, na mimi nilimdanganya.

Alisoma, akagonga muhuri, akaniuliza kama nina nauli.

Mwanao